Mtoto Aliyepimwa kwa Kapu la Majani Chai

Kwenye mkono wangu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, nina alama za meno. Ninyi wauguzi vijana mnaponipa mkono mnaziona, kisha mnatazama kando kwa adabu, na mimi najua mnachowaza: bibi huyu aling'atwa na mbwa. Hapana, wanangu. Niling'atwa na msichana wa miaka saba, na nilistahili.

Aliitwa Moraa. Aliletwa na mama yake kutoka Gesima, juu ya lori la majani chai, miaka michache baada ya Uhuru. Wakati huo nilikuwa nesi mpya katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya misheni. Cheti changu kilikuwa bado kinanukia wino, na nilijiona nimeyajua yote ya duniani isipokuwa siku ya kufa kwangu. Msinicheke. Juzi nilikuja kwenu kupimwa presha, na nesi aliyenipima alinieleza habari za moyo wangu bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Kwa hiyo tunafahamiana.

Moraa alikuwa amefura mwili mzima. Macho yalikuwa mistari miwili tu, tumbo kama ngoma, na ukibonyeza mguu kwa kidole, shimo lilibaki pale pale likikutazama. Daktari wetu, kijana mpole aliyetoka pwani, alimtazama akasema ni figo. Figo zilikuwa zinaacha protini ya damu ipotee kwenye mkojo, na maji yakabaki mwilini. Dawa ilikuwepo, vidonge vidogo vyeupe vichungu kama mwarobaini, vya kumezwa kila siku kwa wiki nyingi. Chumvi marufuku. Apimwe uzito kila asubuhi, na mkojo wake ukusanywe wote, upimwe.

"Asipotumia dawa hizi," daktari alituambia pembeni, "maji yatafika kwenye mapafu. Hatafika Krismasi."

Maagizo yalikuwa rahisi. Shida ni kwamba Moraa hakuwa mtoto wa kuagizwa.

Hakuwa anasema. Hakuwa anakutazama usoni. Ukimgusa alipiga ukelele kana kwamba umemmwagia maji ya moto. Siku nzima aliketi sakafuni akipanga vifuniko vya chupa kwa mstari, akivuma sauti moja tu puani, mmmm, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu. Ukisogeza kifuniko kimoja, uliona cha mtema kuni. Majirani wa Gesima walisema amerogwa. Wengine walisema ni bubu na kiziwi, ingawa mtu akimenya ndizi nyuma ya mlango alisikia. Leo mna neno, usonji. Mimi neno hilo nililisikia nikiwa na mjukuu. Siku zile katika kitabu cha wodi niliandika "mtoto mkaidi," kwa mwandiko mzuri sana.

Siku ya tatu alipata homa, akaandikiwa sindano. Sikumweleza chochote, maana niliona hasikii. Niliita watu watatu, tukamshika mikono na miguu juu ya kitanda, nikainama na sindano yangu. Hapo ndipo nilipopata hizi alama. Sindano iliingia, hilo siwezi kukana. Lakini Moraa aliingia chini ya kitanda na kukaa huko siku mbili. Hakula, hakumeza dawa, na mkojo wake aliumalizia huko huko sakafuni, ambako hakuna aliyeweza kuupima.

Mkubwa wetu wa wodi alikuwa Sista Bosibori. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, Msabato wa kweli, na hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Alinikuta nafunga bandeji mkononi.

"Kerubo," akasema, "nani ameshinda?"

"Sista, sindano imeingia."

"Sikuuliza habari za sindano."

Akachuchumaa pale sakafuni, mbali kidogo na kitanda, akamwita mama yake Moraa aketi naye. Akaanza kumwuliza kwa Ekegusii, lugha yetu ya Kisii, mambo ambayo mimi niliyaona ya kupoteza wakati. Anaamka saa ngapi? Anakula nini kwanza? Anapenda nini? Anaogopa nini? Mama Moraa alikuwa mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyopakwa weusi na utomvu wa majani chai. Hakuwa amekaa darasani hata siku moja. Alijibu maswali yote bila kusita, na mimi niliyekuwa na cheti nikasimama nyuma yao na bandeji yangu kama mti.

Sista aliuliza pia kwa nini mtoto anakimbia mizani. Mizani yetu ilikuwa ya chuma ya kusimama juu yake, na ukipanda ililia kwa kishindo. Moraa akiiona tu alijiziba masikio.

"Lakini nyumbani anapenda kupimwa," mama akasema.

"Kupimwa wapi?"

"Kwa kituo cha majani chai. Tukipeleka majani, yeye anaingia kwa kapu na karani anamning'iniza kwa mizani. Asiponing'inizwa hatutoki hapo."

Kesho yake Sista alituma mtu akaazime mizani ya kuning'inia, akaifunga kwenye mwamba wa veranda, na mama akaleta kapu lake. Moraa alitoka chini ya kitanda mwenyewe. Akaingia kapuni, akakunja magoti, akavuma mmmm huku akibembea, nasi tukasoma: ratili hamsini na nane. Ndiyo, ratili, waulizeni babu zenu. Daktari alipopita na kumwona mgonjwa wake ananing'inia kama mazao, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaandika namba.

Vidonge vilifuata njia hiyo hiyo. Mama alisema mtoto anapenda vitu kwa mstari, basi tukamwekea mstari juu ya sahani: kipande cha ndizi, kidonge, kipande cha ndizi, kidonge. Alianza kushoto, akaenda kulia, hakuruka hata kimoja. Alikunja uso kwa uchungu wa kidonge, lakini mstari ni mstari. Mkojo nao tuliupata tulipoacha chungu cheupe kinachong'aa, tukampa mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia uliofanana na wa kwao. Wanangu, nilikuwa nimesoma miaka mitatu na hakuna mwalimu aliyenitajia mkebe.

Nisiwafiche kwamba daktari naye alikuwa na siku zake. Moraa alikuwa na neno moja tu, alilolitoa mara moja kwa wiki akichoka sana: "Baba." Daktari alilisikia siku nilipokuwa mapumzikoni kwetu Kiogoro. Akaguswa moyo. Akatuma watu mpaka Gesima wakamtoe baba mtu shambani haraka. Mzee yule akaja mbio akidhani mtoto amekufa, akasimama kando ya kitanda akihema, na Moraa akamgeuzia mgongo. Hakuna aliyekuwa amemwambia daktari wa watu kwamba kwa Ekegusii baba ni mama. Sista alipomweleza, daktari alicheka mpaka akaomba maji, kisha akaenda kumwomba mzee radhi na kumpa chai.

Basi tukadhani tumeshinda. Wiki ya kwanza uzito ulianza kushuka. Wiki ya pili ukasimama. Kisha ukaanza kupanda, ratili moja, nyingine tena, na uso ukafura upya. Dawa alikuwa anameza mbele ya macho yangu. Kwa hiyo iliyobaki ilikuwa chumvi.

Nilianzia jikoni. Mpishi wetu alikuwa Mzee Hamisi, mzaliwa wa Kisii mjini, ambaye baba yake alikuja huku zamani kwa biashara ya nguo. Kiswahili chake kilikuwa cha kumeremeta na hakuvumilia cha kwetu.

"Mzee Hamisi, hii chakula ya mtoto yangu umetia chumvi?"

Akaweka mwiko chini. "Dada Kerubo, uliza upya. Hiki chakula. Cha mtoto wangu. Halafu nikujibu."

Nikauliza upya, kwa hasira. Akaniapia kwamba sufuria ya Moraa ilikuwa peke yake, imefungwa utepe mwekundu, na hata yeye akionja chakula kile huona huruma. Nikamwamini. Hivyo nikarudi wodini nikiwa na mshitakiwa mmoja tu.

Mama Moraa alikuwa anamkunjia mtoto blanketi. Nikasimama katikati ya wodi, mikono kiunoni, mama wengine kumi na tano wakisikiliza, nikamwambia anamuua mtoto wake. Nikamwambia anaficha chumvi kwenye leso. Nikamwambia watu wa Gesima hawasikii wanachoambiwa, tumechoka nao, na mtoto akifa asije kulia hapa.

Alifungua fundo la leso yake polepole mbele ya watu wote, akaikunjua, akaikung'uta. Ikadondoka pini moja ya nguo. Akaiokota, akatoka nje, akaenda kuketi nyuma ya jengo, kwenye kamba za kuanikia nguo.

Siku ile Moraa hakula. Hakuna aliyeweza kumpangia ndizi kwa mstari kama mama yake. Nilijaribu mimi. Alitazama mstari wangu jinsi Mzee Hamisi alivyokuwa akitazama Kiswahili changu.

Asubuhi iliyofuata Sista Bosibori aliniita. Alikuwa amekwisha kusikia. Katika hospitali habari haihitaji miguu.

"Leo huna kazi," akaniambia.

"Sista, unanifukuza?"

"Ninakupa kazi ngumu kuliko zote. Chukua stuli, keti pale kwenye kona, umtazame Moraa mpaka jua litue. Usimpe kitu, usimguse, usimwite. Tazama tu. Kisha uniambie chumvi inatoka wapi."

Mnajua jinsi kukaa kulivyo kugumu kwa nesi kijana? Saa ya kwanza nilihesabu vigae. Wenzangu walinipita na mabeseni wakinikonyeza, mmoja akaniuliza kama ninasubiri kuposwa. Moraa alipanga vifuniko vyake. Alivuma. Alitazama kivuli cha dirisha kikisogea, akasogeza vifuniko vikifuate. Nilianza kuona mambo niliyokuwa nimeyapita wiki hizo zote. Niliona kwamba sauti ile ya puani hupanda kidogo toroli la chakula likija, na hushuka mlango ukipigwa kwa nguvu. Niliona kwamba alijua miguu ya kila mtu. Alihamisha vifuniko kabla Sista hajatokea mlangoni.

Saa nne hivi, wafunga vidonda walimaliza kazi yao, wakaliegesha toroli lao ukutani, wakaenda kunywa chai. Moraa akainuka. Alitembea taratibu, kama mtu anayekwenda kazini, mpaka kwenye toroli. Akafunua mtungi wa kioo, akachovya kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho. Akakipangusa kwa gauni lake, akakirudisha mahali pake, mkono wa kikombe ukielekea dirishani. Akarudi kwenye vifuniko.

Mtungi ule ulikuwa wa maji ya chumvi ya kuoshea vidonda.

Na nani alikuwa anayatengeneza maji yale kila jioni? Mimi. Chumvi nilipima kwa kijiko, kwa makini, kama cheti changu kilivyonifundisha. Tena nilikuwa nimeona mtungi unapungua upesi, na nikawagombeza wafunga vidonda kwamba wanamwaga ovyo. Kila mtu hospitalini alikuwa amekwisha kuonja ulimi wangu kwa ajili ya chumvi, isipokuwa mwenye chumvi.

Nilimweleza Sista nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza mtungi ufungiwe kabatini, kisha akaniambia, "Nenda kwa mama yake."

Nikaelekea mlango wa nyuma, kwenye kamba za nguo. Akaniita.

"Kerubo. Ulimtukana wapi?"

"Wodini."

"Mbele ya nani?"

Sista mwenyewe akaenda kumwita Mama Moraa, akamleta mpaka katikati ya wodi. Wanangu, nimewahi kuzalisha mapacha barabarani kwenye matope ya Suneka, lakini kazi ile ilikuwa nyepesi kuliko hii. Nikasema mbele ya wote kwamba nilimsingizia. Kwamba chumvi ilikuwa yangu, mtungi ulikuwa wangu, na yeye alikuwa mama mwema. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, halafu nikarudia kwa Ekegusii, maana kwa Kiswahili niliona kama ninajificha.

Pembe ya mdomo wa Mama Moraa ikacheza.

"Nesi," akasema, "kumbe mimi nilikuwa natafutwa chumvi kwa leso, na wewe umeficha mtungi mzima!"

Wodi ikalipuka kwa kicheko. Nilicheka nikilia, nikilia nikicheka. Alipotulia akanishika mkono ule ule wenye bandeji.

"Nimekusamehe. Lakini kuna kitu nataka. Nifundishe hiyo ya kuchemsha mkojo."

Ilikuwa kazi yetu sisi, kazi ya siri karibu. Unatia mkojo kwenye mrija wa kioo, unachemsha sehemu ya juu kwenye moto mdogo, unadondoshea siki kidogo. Ukibaki safi, figo zinashika. Ukigeuka mweupe kama ute wa yai lililoiva, figo zinavuja. Nilidhani Sista atakataa. Sista alikwisha kuelekea kabatini kuchukua mrija.

Mtungi ulipofungwa, maji yalimtoka Moraa mwilini. Sijui niwaeleze vipi. Mtoto yule alijaza mkebe asubuhi, mchana, jioni. Kila siku kapu lilipanda juu kidogo. Tukagundua kwamba Moraa ana shingo. Tukagundua kwamba ana macho, tena makubwa, mazuri, ingawa hakuyatumia kututazama sisi. Alirudi Gesima akiwa na ratili thelathini na saba, mama akiwa na vidonge kwenye leso ile ile, pamoja na mrija wa kioo uliofungwa kwa pamba.

Ugonjwa huo hurudi. Ulirudi kwake mara nne. Wazazi wengine walituletea watoto wakiwa wamekwisha kufura mpaka hawawezi kupumua. Mama Moraa hakufanya hivyo hata mara moja. Siku moja alikuja na mtoto aliyeonekana mzima kabisa, uso mwembamba, miguu mikavu. Daktari akamwambia arudi nyumbani.

"Ameacha kuvuma," mama akasema.

"Ameacha nini?"

"Mmmm yake. Ameacha tangu jana. Nikachemsha mkojo. Ukawa mweupe."

Daktari akanitazama. Nikachukua mkojo, nikachemsha. Ute wa yai mtupu. Tulianza dawa siku ile ile, na mtoto hakufura hata kope. Jioni daktari alimwuliza Mama Moraa kama angependa kufanya kazi hospitalini. Akajibu kwamba majani chai hayajichumi.

Mara ya nne ndiyo iliyotutisha. Dawa zile hupunguza nguvu ya mwili kupigana na maradhi, na Moraa akashikwa na kifua, akalala wiki tatu bila kuvuma, bila kupanga chochote. Vifuniko tulivipanga sisi kando ya kitanda chake, mimi, Sista, na Mzee Hamisi aliyekuwa akija na aproni yake. Tulikosea mpangilio makusudi. Siku ya ishirini mkono mdogo ukatoka kwenye blanketi, ukasahihisha kifuniko kimoja. Mzee Hamisi akatoka nje haraka. Alisema moshi wa jikoni umemwingia machoni, lakini jiko lilikuwa ng'ambo ya uwanja.

Baada ya hapo figo zilitulia. Mwaka ukapita, na mwingine, na wa tatu, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi akija kliniki na chupa yake ya mkojo, na kila mara mrija ukibaki safi. Alipofika miaka kumi na mitano, daktari alimwambia mama yake kwamba amepona, hakuna haja ya kuja tena. Mama alishukuru, akalia, akaleta kuku.

Jumanne ya kwanza iliyofuata, Moraa alikuwa kwenye benchi, chupa mkononi.

Mama yake alikuja nyuma yake akihema. "Nimemwambia amepona. Amenisikia. Amekuja tu."

Nikachemsha. Safi. Nikamwonyesha. Akaushika mrija, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akavuma, akaondoka. Mwezi uliofuata akaja tena. Na mwingine. Tulifanya hivyo mwezi baada ya mwezi, mpaka Sista Bosibori alipostaafu na mimi nikavaa mkanda wake wa mkubwa wa wodi.

Halafu mwezi mmoja nililala nyumbani Kiogoro na malaria. Sikukumbuka ni siku gani. Alasiri mtu wa hospitali akaja kubisha: kuna mwanamke mzima benchini tangu asubuhi, amekataa kuondoka, amekataa kuguswa, nesi mpya amemwambia mara kumi kwamba hana ugonjwa. Nikajifunga shuka juu ya gauni la kulalia, nikavaa ndara, nikaenda. Kichwa kilikuwa kinagonga kama mchi.

Moraa hakunitazama. Alinyoosha chupa tu. Nikawasha taa ya spiriti, nikachemsha, nikatia siki, nikampa. Akaunyanyua mrija dirishani. Akautazama kwa muda mrefu kuliko siku zote. Kisha sauti ile ikaanza puani, mmmm, naye akateremka ngazi akaelekea barabara ya Gesima.

Nesi mpya alikuwa amesimama kando yangu, daftari mkononi, akitafuta cha kuandika.

"Sista," akaniuliza, "huyu alikuwa anaumwa nini?"

"Haumwi," nikamwambia. "Amekuja aambiwe hivyo."